Kiuno Kimeachia: Maswali Yenu Kuhusu Mipira ya Midoli

Toleo lililopita niligusia aya moja tu, kwamba mdoli wa plastiki unaweza kukaa miaka hamsini ila kale kampira ka ndani hakafiki huko, basi meseji zikamiminika kama masika. Wengi mmetuma na picha, nyingine zinatia huruma kweli, kuna mmoja kanitumia mguu peke yake. Nimechukua maswali yanayojirudia nikayafupisha kidogo, na yule alonisema kwamba mtu mzima hachezi midoli nimemsamehe maana mwishoni kauliza bei.

SWALI: Habari za kazi kaka fundi. Mjomba wangu alikuwa baharia, miaka ya themanini alituletea midoli miwili ya askari, G.I. Joe, kutoka Marekani, wale wadogo wa kiganjani. Muda wote wamekaa kwenye boksi la viatu juu ya kabati. Juzi nimewashusha nimwoneshe mwanangu, nimemshika mmoja kifuani tu, miguu ikabaki kwenye boksi! Ndani kuna kitu cheusi kinanata kama lami. Wa pili bado mzima ila kalegea kama mlevi. Nipige supaglu?
*Msomaji wa Tabata, Dar es Salaam*

JIBU: Ndugu yangu wa Tabata, hiyo supaglu irudishe kwenye droo na ufunguo nitunzie mimi. Mdoli wako haujavunjika, umekatika mpira, na huo mpira ni spea kama ilivyo spea ya bomba la maji.

Ngoja nikueleze ulivyoundwa, ukishajua ndani kukoje hutauogopa tena. G.I. Joe wa kwanza wa kampuni ya Hasbro, wale wa mwaka 1964, walikuwa wakubwa, inchi 12. Hawa wako wadogo wa inchi tatu na robo tatu walikuja 1982, na walitakiwa wageuke kiuno, wakae, wapige goti, sasa badala ya kukifunga kiuno kwa pini wakakifunga kwa oringi moja nyeusi, yaani kijipete cha mpira. Kifua ni vipande viwili, mbele na nyuma, vimeshikwa na skrubu moja mgongoni. Miguu imeshikana kwa kichuma chenye ndoano. Oringi inapita kwenye ndoano, inapanda katikati ya kiuno, inaenda kunasa kwenye ile nguzo ya skrubu kifuani. Basi, hakuna kingine. Nusu nzima ya chini inaning'inia kwenye oringi moja, na hiyo oringi inavutwa usiku na mchana, hata mdoli ukiwa umelala zake kwenye boksi miaka thelathini hauguswi na mtu. Watu wanadhani kutoguswa ndo kutunza.

Umewahi kuwa na mpira wa tyubu wa kufungia mzigo kwenye karia ya baiskeli? Ufunge mzigo, iache baiskeli nje wiki kadhaa, alafu tazama pale mpira ulipovutika zaidi, kwenye kona ya chuma. Utaona vimipasuko vidogo vidogo vimejipanga, vyote vimekata kwa upana, hakuna hata kimoja kilichoenda kwa urefu, na sehemu iliyokuwa inaning'inia legelege iko safi. Hiyo ni kazi ya ozoni, gesi iliyo ndugu ya oksijeni. Hewani ipo siku zote, kidogo sana, ila mpira wa asili, huu wa utomvu wa miti ya mpira kama ile ya Kihuhwi kule Muheza, hauivumilii kabisa ukiwa umevutwa. Ukiulegeza ozoni haipati pa kupasulia. Alafu oksijeni ya kawaida nayo inakula polepole, joto linaisukuma, watu wa kemia wana hesabu yao ya haraka haraka kwamba joto likipanda nyuzi kumi uharibifu unaenda kama mara mbili. Sasa juu ya kabati, chini ya bati, Tabata, mwezi wa pili! Piga hesabu mwenyewe.

Mwisho wake mpira unachagua njia moja kati ya mbili, ama unakauka na kukatika kama biskuti ama unalainika unakuwa ulimbo. Wako umechagua ulimbo.

Kutengeneza ni robo saa. Tandika kitambaa cheupe kwenye sinia, usifanyie juu ya zulia, mie kuna skrubu ilinipotea hivo hivo ikaja kuonekana siku ya kuhama nyumba. Tumia bisibisi ndogo ya nyota inayokaa sawasawa kwenye kichwa cha skrubu. Kabla hujafungua piga picha, maana ukitoa mgongo tu mikono na kichwa vyote vinaachia kwa mpigo, na ukiwa na midoli miwili mezani ni rahisi kabisa kumpa huyu mkono wa yule. Ule ulimbo utoe na kijiti cha meno, kile cha mti, alafu malizia na pamba ya masikio yenye maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo. Petroli, thina, asetoni ya kutolea rangi ya kucha, hapana hapana hapana, zinatoa ulimbo kweli lakini plastiki nayo inaondoka. Kausha vizuri. Oringi mpya ipitishe kwenye ndoano, ipandishe kiunoni, ipachike kwenye nguzo, rudisha mikono na kichwa, funika mgongo, kaza skrubu kwa vidole viwili. Ikigota acha. Plastiki ya umri huo ukiikaza kama nati ya gari inapasuka kimya kimya, ufa unauona kesho yake.

Oringi yenyewe sasa. Wanaouza spea za midoli mtandaoni wanaziuza kwa mafungu, moja haifiki bei ya soda. Kama huna njia hiyo nenda duka la spea za mabomba au za pikipiki, chukua mdoli wenyewe na uijaribu palepale, muuzaji akicheka mwache acheke. Tafuta nyembamba. Hapa ndo wengi wanapoharibu, anaona nyembamba itakatika tena anaweka nene, mdoli unakuwa mgumu kama askari wa gwaride, anaupanua miguu mara moja tu, ka! kile kipande cha kiuno kilichopita katikati ya miguu kinakatika. Na hicho sio spea, hicho ndo mdoli. Mie nimeshaua mmoja namna hiyo, na nilikuwa najiona fundi. Oringi sahihi unaijua hivi: mdoli unasimama wenyewe, ukiuvuta miguu kidogo kiuno kinafunguka na kurudi bila kupiga kelele.

Muuzaji akiwa anajua anachouza mwulizie EPDM, ni aina ya mpira wa kiwandani, ozoni haiupasui kirahisi. Zile nyeusi za kawaida za nitrili ni nzuri kwenye mafuta ila hewani hazina maisha marefu, lakini kwa bei yake ukiibadilisha kila baada ya miaka kadhaa tatizo liko wapi.

Yule wa pili aliyelegea mfungue leo leo, usingoje. Oringi ikitoka ikiwa bado ni oringi unaifuta vumbi tu basi, ikishakuwa ulimbo inaacha doa kwenye plastiki ya rangi nyeupe halitoki. Na kama mnarudi kwenye boksi la viatu basi rudisheni bila oringi ndani, vipande vyote kwenye kimfuko kimoja cha zipu, skrubu irudishwe kwenye tundu lake isipotee, na oringi mpya pembeni imelala legelege haivutwi na kitu. Siku mtoto akitaka kuwaona mnawafunga.

SWALI: Shikamoo fundi. Mie niko Leicester mwaka wa kumi na mbili sasa. Nimenunua Action Man kwenye soko la Jumapili la vitu vikuukuu, mkubwa, ana nywele zile za manyoya na mikono inayoshika bunduki. Vidole vimekuwa vigumu, kimoja kimebaki mkononi mwangu nilipotaka kumshikisha. Je, kuna dawa ya kulainisha?
*Dada wa Leicester*

JIBU: Marahaba dada, ingawa sidhani kama nimekuzidi. Unajua uko jirani na alikozaliwa? Action Man walikuwa wa kampuni ya Palitoy, kiwanda chao kilikuwa Coalville, hapohapo Leicestershire. Walianza 1966 kwa leseni ya G.I. Joe mkubwa, nywele za manyoya zikaja 1970, mikono laini ya kushika 1973, na 1984 uzalishaji ukafungwa. Kwa hiyo mikono yako ina miaka arobaini na kitu kwa uchache.

Dawa hakuna, nisikudanganye.

Sababu ni kwamba sisi tunaita "mpira" kila kitu kinachobonyea, wakati humo ndani mna watu wawili tofauti. Kuna mpira wenyewe, kama ile oringi ya Tabata. Alafu kuna plastiki ngumu iliyolainishwa kwa mafuta maalum, PVC, ambayo bila hayo mafuta ni kitu kilekile cha bomba la maji taka. Mafuta hayo hayajafungwa humo, yamechanganywa tu, kwa hiyo miaka inavyokwenda yanatoka taratibu kuja juu na kuondoka. Yakitoka ukayakuta juu, mdoli unanata. Yakishakwisha, kitu kinakuwa kigumu na kufinyaa, na kidole chembamba ndo cha kwanza kukatika. Huwezi kuyarudisha kwa kupaka kitu juu, na wale wanaokwambia chemsha ni kweli maji ya moto yanalainisha, lakini kwa dakika mbili tatu tu, ikipoa inarudi ilipokuwa.

Kwa hiyo fanya hivi. Bunduki itoe mkononi, kabisa, hata kama akiishika anapendeza. Kidole kinachobanwa kimekunjwa kinapasuka pale pale kwenye mkunjo. Usikigandishe kwa supaglu, hiyo inakuwa ngumu kama kioo na ufa mpya unaanzia pembeni ya gundi. Mikono ya kunakili inatengenezwa na kuuzwa, na wewe uko nchi yenyewe utaipata bila shida. Ukibadilisha, pasha mkono mpya kwenye maji ya vuguvugu kabla ya kuusukuma kwenye kifundo cha mkono, unaingia bila kulazimisha. Ile ya zamani, pamoja na kidole kilichokatika, weka kwenye bahasha andika "mikono ya mwanzo" na ikae pamoja na mdoli, maana ukija kuuza mtu atauliza, na ukimwambia hii ya kunakili lakini ya mwanzo hii hapa, mnaelewana.

SWALI: Bwana fundi, salamu kutoka Mombasa. Mimi si wa midoli ya zamani, nina ule wa kisasa wa kama futi moja, bei mbaya kweli kweli, mke wangu hajui na naomba asijue. Upo kwenye kabati la kioo sebuleni, haujaguswa. Koti lake jeusi la ngozi limeanza kutoka magamba kama nyoka, na ndani ya mkono mpira umegandana na nguo. Ni miaka minane tu!
*Mzee wa Kizingo*

JIBU: Siri yako iko salama mzee wangu, ila mkeo akiona yale magamba atauliza tu.

Hilo koti sio ngozi. Ni kitambaa kilichopakwa tabaka jembamba la poliyurethani, na tabaka hilo adui yake mkubwa ni unyevu wenyewe, maji yaliyo hewani yanaingia na kukata minyororo ya molekuli zake mmoja mmoja. Umeshawahi kutunza viatu vya harusi kwenye boksi miaka sita, siku unavivaa kwenda harusi ya mwenzio, ukifika katikati ya ukumbi soli inasagika kama mkate? Ndo jambo lenyewe, soli ile nayo ni poliyurethani. Na Kizingo mzee wangu, bahari iko pale unaiona dirishani.

Likishaanza kutoka magamba halirudi. Usipake rangi ya viatu, usipake mafuta, utapata matope. Mie ningekuwa wewe ningemvua hilo koti taratibu, nikalipeleka kwa fundi cherehani anayejua kazi ndogo ndogo, Mombasa hamkosi, akatoa patani kwenye koti lenyewe kabla halijasambaratika akashona lingine la kitambaa chembamba au ngozi ya kweli iliyochongwa nyembamba. Koti likishakuwa vumbi huna tena patani.

Upande wa ule mpira wa mkono uliogandana na nguo, usivute. Ingiza karatasi laini polepole kati ya nguo na mkono, ukikuta pamegoma achia, jaribu siku nyingine asubuhi penye baridi. Ukishatenganisha futa kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, kausha, pakaa poda ya mtoto nyepesi sana, kung'uta iliyozidi. Alafu usimrudishie nguo ya kubana. Mikono uiache imenyooka, wasanii wa picha wanapenda kumkunja kiwiko awe kama anapiga ngumi, sasa ndani ya kiwiko ngozi ya mpira imevutwa nje na kubanwa ndani miaka minane. Itapasuka hapo, hapo hapo, sio kwingine.

Na hilo kabati la kioo lifungue walau mara moja kwa wiki lipumue. Ukilifunga kabisa kabisa ile mivuke ya mafuta inayotoka kwenye PVC haina pa kwenda, inarudi kukaa juu ya mdoli, ndo maana watu wanafungua boksi lililofungwa kiwandani wanakuta mdoli unanata kama umepakwa asali. Huo ukinata unaosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, unakausha kivulini, na unarudia baada ya miezi. Chini ya rafu weka vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu na simu mpya, lakini jua vinajaa, vikishajaa ni mapambo. Kama kuna chumba mnachowasha AC kila usiku, basi huyo jamaa ahamie huko, hata kwa kumwambia mama nyumba kwamba ni sanamu la ofisini.

SWALI: Assalam aleikum. Niko Muscat. Marehemu babu alikuwa akipaka mafuta ya nazi kila kitu cha mpira, mimi napaka Vaseline kwenye viungo vya midoli yangu, inang'aa vizuri. Rafiki yangu ananiambia naua. Nani mkweli? Pia: midoli miwili niliiacha kwenye buti la gari mchana mmoja wa mwezi wa saba, sasa inasimama imeinama.
*Mzanzibari wa Muscat*

JIBU: Waaleikum salaam. Rafiki yako mkweli, na babu Mungu amrehemu.

Vaseline inatokana na mafuta ghafi, hayohayo yanayotoa petroli. Mpira wa asili unainywa. Chukua rababendi mbili zinazofanana, moja ipake Vaseline iweke kwenye kisosi, nyingine iache kavu, siku chache tu ziweke sambamba: iliyopakwa imevimba, ndefu kuliko mwenzie, ukiivuta inakatika kama tambi iliyoiva. Mafuta ya nazi nayo ni njia hiyohiyo na juu yake yanachacha. Ule mng'ao unaouona ni mpira unakunywa sumu. Futa yote na sabuni.

Ukitaka kupaka kitu kwenye oringi ili kiungo kiteleze, mafuta ya silikoni, tone moja kwenye kidole, basi. Isipokuwa oringi yenyewe ikiwa ya silikoni, hiyo nayo inavimba na ndugu yake. Na kwa kutunza tu, kama hutelezeshi kitu, usipake chochote. Poda inatosha.

Mwezi wa saba Muscat nje peke yake inaweza kupita nyuzi 40, ndani ya gari lililofungwa inaweza kupita 60 bila kutafuta. Hiyo miguu iliyoinama ni plastiki ililainika ikalala kwa uzito wake, unaweza kuizamisha kwenye maji ya moto (sio yanayochemka) dakika moja, unyooshe kwa mkono, uitumbukize kwenye maji ya baridi ukiwa umeishikilia. Inashika. Lakini oringi zilizokuwa ndani siku hiyo zibadilishe zote, joto hilo limezizeesha haraka kuliko kawaida.

SWALI: Sasa fundi! Niko na robot za Transformers za kitambo, zile zinabadilika kuwa gari. Nilizipanga kwenye shelf ya plastiki clear, kutoa moja juzi tairi zimebakisha shimo kwa shelf, yaani shimo kabisa kama imechomwa. Na gari haina hata mota. Hii ni nini?
*Jamaa wa Nairobi*

JIBU: Poa sana. Hii ni yale mafuta niliyomweleza dada wa Leicester. Baadhi ya magari ya mwaka 1984 yalikuja na tairi laini, sio za plastiki ngumu, na laini ikikaa imegusana na plastiki ngumu ya aina ya polistairini miaka mingi, mafuta yanahama kutoka kwenye tairi kwenda kule na kuiyeyusha polepole. Hakuna moto hapo. Wanaounda modeli za magari wanalijua vizuri, unafungua boksi unakuta tairi imejizamisha ndani ya kioo cha mbele.

Rafu haiponi. Tairi zioshe, alafu chini yake weka kitu ambacho mafuta hayapendi: kipande cha mfuko wa poliethilini, ile nailoni laini ya kawaida, au kioo cha kweli. Mifuko minene ya PVC inayonuka kama pazia jipya la bafuni ikae mbali. Bora zaidi gari liinue, weka kijiti chini ya tumbo tairi zisiguse kitu, maana zikibeba uzito pia zinabonyea upande mmoja. Na angalia silaha na vifaa laini vilivyolazwa juu ya miili ya roboti wengine, hivo hivo vinakula.

SWALI: Fundi, He-Man wangu miguu inacheza cheza kama ya bendera. Nimeambiwa ndani kuna rababendi. Kweli?
*Msomaji wa Kampala*

JIBU: Kweli. Hao wa kampuni ya Mattel wa kuanzia 1982 miguu imeshikwa kwa mpira ndani ya nyonga, umekwisha nguvu. Tofauti na G.I. Joe huyu hana skrubu, kifua kimegundishwa, kwa hiyo unamlowesha kwenye maji ya moto gundi ilegee, unafungua kwenye mshono polepole kwa ukucha au kadi ya simu, sio kisu. Usiweke rababendi ya kufungia pesa, ile ni nyembamba na kwa joto letu haimalizi mwaka mmoja. Weka oringi. Kama huna moyo wa kumfungua mlaze tu, haina aibu. Ukikutana na Stinkor wa 1985, mdoli wa kundi hilohilo la He-Man, na ananuka usihangaike kumwosha, huyo alitengenezwa anuke.

SWALI: Habari fundi, niko Minnesota. Huku baridi na hewa kavu kwa hiyo nadhani midoli yangu iko salama kuliko yenu. Ipo basementi kwenye meza moja na printa, na ukutani nimeweka mashine ya kusafisha hewa. Pia nimepata Stretch Armstrong wa zamani, yule mdoli wa kuvutwa, naogopa hata kumshika.
*Kaka wa Minnesota*

JIBU: Baridi umetushinda, hapo nakubali. Lakini ile printa kama ni ya leza, na ile mashine kama ni ya kutoa aioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, kaka zote mbili zinatengeneza ozoni, tena kwenye chumba kisicho na dirisha. Ile harufu kali kidogo kama ya baada ya radi unayoisikia ukichapa kurasa nyingi ndo hiyo. Umelikimbia joto la Tabata ukaenda kumfuga adui mezani! Hamisha printa au hamisha midoli, na tanuri la kupashia nyumba nalo liangalie liko ukuta upi. Taa ziwe LED, na zizime ukitoka.

Huyo Stretch Armstrong kama ni wa kampuni ya Kenner, wa kuanzia 1976, ngozi yake ni mpira wa utomvu na ndani amejazwa sharubati nzito ya mahindi. Una haki ya kuogopa. Usimvute. Hata kidogo, hata kuonesha wageni. Mlaze kwenye sinia lenye kingo, pakaa poda, karatasi isiyo na asidi chini yake, gizani. Mgeuze mara moja moja asilale upande mmoja. Akipata tundu sharubati inatoka polepole kama asali na wadudu watakuletea taarifa kabla yako.

SWALI: Fundi mie swali langu fupi. Mwanangu ana miaka minane, anataka kuchezea G.I. Joe wangu. Babu yake anasema nimpe, mie roho inaniuma. Nifanyeje?
*Baba wa Moshi*

JIBU: Mheshimu babu, mpe. Lakini weka oringi mpya kabla, mtoto mwenyewe awe anashika bisibisi na wewe unashika sinia, na bunduki usimpe wiki ya kwanza kwa sababu kinachokatika mikononi mwa watoto ni vidole gumba, wakisukuma silaha kwa nguvu kwenye kiganja, na gumba halina spea. Mfundishe kuingiza bunduki kwa kukipasha kiganja cha mdoli kwanza, kukishika tu mkononi mwake dakika moja kunatosha. Oringi tatu za akiba ziweke kwenye kikopo chenye kifuniko, mbali na jiko. Ya kwanza ataimaliza kabla ya Krismasi.